Mama Mkubwa, Mama Mdogo

8 Februari

Mdogo wangu,

Habari za hapo nyumbani? Shemeji mgongo wake umetulia, au bado anatembea kama mtu aliyemeza fimbo? Mwambie aache kunyanyua makochi peke yake, yeye ni seremala, si kreni. Mimi mzima. Wadi ya watoto imefurika mwezi huu, homa na kuhara, vitanda vingine vinalaza wawili wawili, mmoja kichwani mwingine miguuni. Nikitoka zamu miguu inalia kuliko wagonjwa.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Nimeandika kwa sababu nikikupigia, Kidoti huwa mapajani pako, na hili si la kusikiwa naye.

Juzi uliniambia huku unacheka kwamba anaficha vitu ndani ya makochi mnayoshona. Kijiko, miwani ya baba yake, kiatu kimoja cha mteja. Ukasema pia ameanza tena kukojoa kitandani, ila hilo ulilipitisha haraka, kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka. Mimi sikucheka, mdogo wangu.

Nimeanza kozi ya jioni hapa hospitalini, ya wauguzi wa watoto. Daktari anayetufundisha anashughulika na nafsi za watoto, si vidonda vyao. Anasema yanayompata mtoto kabla hajajua kusema hayapotei. Yanakaa chini kabisa, na kwa kuwa hayana maneno, hutafuta njia nyingine ya kutokea: mtoto anaiba, anaficha, anang'ata, anarudia mambo ya uchangani. Mtu mzima humwona mtundu, kumbe anaeleza habari zake.

Nilipomsikia nikamwona Kidoti wazi.

Tusizungukane. Nilimzaa mimi, umemlea wewe tangu ana wiki sita, na sijawahi kujuta kwamba alipata nyumba yenye baba na mama wakati mimi nilikuwa na nafasi ya chuo na kitanda kimoja cha bweni. Lakini mbele ya marehemu mama tulikubaliana ataambiwa akipata akili. Sasa ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Akili ameipata. Na ananiita mama mkubwa, kama mtoto yeyote anavyomwita dada mkubwa wa mama yake. Kila akilitamka neno hilo nageuza uso.

Nijibu mapema.

Dada yako

---

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliipata, nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimebana. Hoteli moja imeagiza viti vya ukumbi mzima, na shemeji yako ndiye anayevuta kitambaa na kupiga pini siku hizi, maana harufu ya gundi inanishinda. Nakaa nje kwenye upepo nakata sponji. Mgongo wake hajambo, anakusalimu, anasema kreni ni ghali, yeye anapatikana kwa ugali tu.

Kidoti mzima. Jino la mbele limeng'oka na anaongea kama kikongwe.

Kuhusu lile jambo. Dada, mtoto anaficha vitu kwa sababu ni mtoto. Mimi nikiwa na umri wake nilizika saa ya baba uani nikingoja iote, na wewe ndiye uliyenisemea. Mbona hakuna daktari aliyeitwa? Kukojoa kitandani ni kwa sababu anakunywa maji mengi jioni, nimeshampunguzia.

Huyo daktari wako amewahi kumwogesha mtoto anayepiga kelele, sabuni iko machoni na sufuria inaungua jikoni? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea hakuna kozi ya jioni.

Mama ndiye aliyesema ataambiwa akipata akili. Hakusema ni akili ya nani itakayopima.

Tumeshamaliza hilo, tafadhali.

Mdogo wako

---

26 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kazi ipo. Hiyo gundi uiangalie, isije ikawa kifua. Tangu lini gundi ikakushinda wewe uliyekuwa ukinusa makopo ukiwa mdogo?

Hatujamaliza.

Ngoja nikueleze nilichokiona. Wadini kuna msichana, tunamwita wa dirishani kwa sababu ya kitanda chake. Mguu ulivunjika, unaunga vizuri, lakini alikuwa hasemi. Daktari akamletea nyumba ya boksi na wanasesere wa vitambaa, akakaa chini sakafuni na koti lake jeupe, akanyamaza. Siku ya kwanza mtoto aliwatazama tu. Baadaye akamchukua mwanasesere mdogo akamweka nje ya nyumba, akafunga mlango. Kila siku hivyo hivyo: mdogo nje, mlango unafungwa. Daktari hakumwambia mfungulie. Alimuuliza tu, "Huyu aliyeko nje anajua kwa nini yuko nje?" Mtoto akatikisa kichwa. Kisha akalia, na baada ya hapo akaomba chai.

Daktari alituambia mtoto anaweza kuubeba ukweli mzito, kisichobebeka ni kukisia. Akikosa kuambiwa hujitungia mwenyewe, na anachojitungia siku zote ni kwamba kosa ni lake.

Kidoti anakisia, mdogo wangu. Hajui nini, ila anajua kuna kitu. Watu wazima wakinyamaza yeye akiingia, anahesabu huo ukimya.

Wewe unaona ninasoma vitabu. Mimi nakwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwezi wa sita nina likizo. Nitakuja, tukae sote watatu, mimi, wewe na shemeji, tumwambie.

Dada yako

---

9 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimeusoma mstari huo nikaenda kuanua nguo, nikarudi nikausoma tena. Surua ilipomshika, aliyekaa naye chumbani mapazia yamefungwa ni nani? Alipoanguka kwenye rundo la mbao na msumari ukaingia kisiginoni, alilia jina la nani? Umewahi kuusikia uchungu huo, au ulisomewa jioni?

Ulikuja mara mbili kwa mwaka na magauni. Mara zote makubwa kuliko mwili wake, maana hukujua amefikia wapi.

Usije mwezi wa sita. Siyo sasa. Sitakwambia kwa nini, ila siyo sasa, nakuomba kama ndugu.

Kidoti anataka kubebwa mgongoni siku hizi, mtoto wa darasa la kwanza, miguu inaburura. Anaongea kitoto, "tata maji, tata maji". Nakuambia ili usije ukasikia kwa mwingine ukasema nilificha.

Mdogo wako

---

17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imeniumiza mahali ulipokusudia, kwa hiyo hongera.

Kubebwa mgongoni na kuongea kitoto, hilo nalo tumelisoma. Mtoto akizidiwa hurudi nyuma, anatafuta umri ambao alikuwa salama. Na mtu mzima akizidiwa hukana. Au humbebesha mwenzake kile kilichomo ndani yake mwenyewe. Hizo ndizo ngao za nafsi, na wewe umezivaa zote, hata uso hauonekani. Unaona kila dalili, unaniandikia kwa mkono wako, halafu unasema hakuna kitu.

Unaniambia nisije bila kunipa sababu. Ni kama ninavyofanyiwa na ndugu wa wagonjwa: "Nesi, usilifungue hilo blanketi." Ndiyo kwanza nitalifungua.

Nitafika tarehe mbili Juni. Siji kwa ugomvi. Mimi nimetulia sasa, nimehamia nyumba ya vyumba viwili, jua linaingia asubuhi, na shule ya msingi iko hatua chache tu. Nataka mtoto asikie ukweli kutoka midomoni mwetu, basi.

Dada yako

---

29 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, nampa dereva wa basi barua hii ili ikuwahi kabla hujafunga mzigo. Kidoti yuko salama. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki umekaa.

Jumamosi tulikuwa tunapeleka kochi la watu watatu kwa mteja wa ng'ambo ya mji. Ni yale yenye sanduku chini ya kiti, la kuwekea mashuka, mfuniko wake ni kiti chenyewe. Shemeji yako na wapakiaji wakalinyanyua, mmoja akasema, "Fundi, siku hizi unatumia mbao za chuma?" Wakacheka, wakalifunga kamba kwenye pikapu, likaondoka.

Nilimwita Kidoti aje kula. Kimya. Nikaenda kwa jirani, mke wa kinyozi, hayupo. Nikaenda chooni, uani, nyuma ya tangi la maji. Dada, nilianza kuita kwa sauti ambayo sikuijua. Watu wakatoka. Mmoja akasema visima vifunguliwe. Aliposema neno visima, nikakaa chini barabarani.

Ndipo nikakumbuka yule mpakiaji na mbao za chuma.

Nikampigia shemeji yako, simu inaita tu, yuko nyuma ya pikapu na upepo. Nikapiga tena. Alipopokea nilisema neno moja, "Sanduku." Nikasikia anagonga paa la gari, "Simama! Simama!" Nikasikia kamba zinakatwa. Nilibana ile simu mpaka sikio likauma. Kisha nikamsikia anasema, "Yupo. Anapumua. Amelowa jasho lakini yupo." Halafu akalia, yeye ambaye hakulia hata kwenye msiba wa baba yake.

Mbao za chini huwa tunaziacha na mianya, ndiyo iliyomwokoa. Alikuwa amekumbatia kile kiatu cha mteja.

Walipomleta sikumpiga. Nilimkalisha kwenye meza ya kukatia vitambaa, nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini?"

Akasema, "Nilitaka nione nani atakuja kunitafuta."

"Nani asiyekutafuta?"

"Ukipata mtoto wako."

Sasa ndio nikuambie. Dada, nina mimba. Imeingia mwezi wake wa sita. Hakuna niliyemwambia isipokuwa mume wangu. Wale watatu waliotangulia nilishawatangaza mapema, nikapongezwa, halafu nikarudi kwa watu haohao kuwaambia hamna tena. Safari hii niliamua kufunga mdomo mpaka nitakapomsikia analia. Nikavaa magauni mapana, nikasingizia gundi.

Lakini siyo hilo tu. Nilikuficha wewe hasa. Nilijua utasema, mwenzangu sasa umepata wako, nirudishie wangu. Na barua yako ya mwisho umejisema mwenyewe bila kujua. Mtu anayekuja kueleza ukweli tu anahitaji shule ya msingi ya nini karibu na nyumba yake? Ile ngao ya kumbebesha mwenzako kilichomo ndani yako, ulipoisoma, kioo kilikuwa wapi?

Mke wa kinyozi aliniona nikitapika asubuhi akajua. Akamwambia Kidoti kwa mzaha, "Mama yako anapata mtoto wake wa kweli, wewe utarudi kwa mama yako mkubwa." Kwake ulikuwa mzaha. Mtoto ameubeba peke yake tangu mwishoni mwa mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo daktari wako alisema kweli, Kidoti alikuwa anakisia. Mimi na wewe tulishughulika kuvutana, tukamwacha na lake.

Usije tarehe mbili. Nakuomba sasa na sababu umeijua.

Mdogo wako

---

8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Nimeisoma barua yako nimesimama kituo cha basi, sikutii lile la kukaa, na kondakta alinishika mkono akidhani nimefiwa. Sikuja. Likizo nimeirudisha.

Hongera. Naiandika taratibu ili isikutishe. Kunywa maji, inua miguu, na uvimbe ukitokea usoni au macho yakiona nyota, usingoje mtu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo nasema kama muuguzi, na hapo ndipo pekee nina hakika na ninachosema.

Ni kweli. Nimenunua kitanda kidogo, kina droo chini, nimekiweka chumba chenye jua. Nilipomaliza kukitandika nilijiambia ni cha wageni. Ni mgeni gani anayenifika kiunoni?

Na jambo lingine, hili sikutaka kukuandikia. Yule msichana wa dirishani alitoka wiki iliyopita. Mama yake alipokuja kumchukua, mtoto alijificha nyuma ya sketi yangu, akanishika mguu, akakataa kwenda. Mama wa watu akasimama pale na mfuko wa nguo, uso umemshuka. Mimi nilifurahi. Nilifurahi, mdogo wangu, moyo ulinipanda kama wa mwizi aliyekuta mlango wazi. Daktari alikuwa mlangoni, akaniona. Hakunigombeza. Baada ya darasa aliniuliza, "Wewe hukaa na yule mtoto hata zamu yako ikiisha. Unamlisha nani?"

Nikamwambia sijaelewa swali. Akasema, "Basi lichukue hilo swali uende nalo nyumbani."

Nililichukua. Nilimwambia habari yote siku ya pili, nililia mpaka akanipa taulo la wadi kwa kuwa leso hazikutosha. Nilidhani ninasoma ili nimjue Kidoti. Kumbe kila nilichosoma nilikuwa nakinoa tayari kukukata nacho.

Sitakuja mpaka uniite. Sitaomba tena kwamba mimi niwepo. Ila naomba hili moja: mwambie kabla mtoto hajazaliwa. Akiambiwa baadaye atadhani mgeni ndiye aliyemfukuza. Mwambie wewe, kwa maneno yako, wakati mnapofanya kitu kingine, mikono ikiwa na kazi. Na umwambie kitakachobaki vilevile, kabla ya kitakachobadilika.

Na kama utaona usimwambie, basi nitakuwa nimeshasema.

Dada yako

---

14 Julai

Dada,

Shikamoo. Mvua imetutembelea, sponji zote tumeziingiza ndani, tunalala kama panya kwenye pamba. Tumbo limeshuka kidogo, mkunga anasema ni kawaida. Shemeji yako ameacha kabisa kunitania, ndiyo najua anaogopa.

Nimemwambia.

Tulikuwa tunachambua vifungo vya makochi, vyekundu huku, vya kahawia kule. Baba yake alikuwa anapiga randa karibu, nilimwomba asitoke. Nikasema, "Kidoti, nataka nikuambie habari ya ulivyozaliwa." Akasema, "Najua, nilizaliwa usiku." Nikasema, "Ndiyo. Ulizaliwa na mama mkubwa. Ulikuwa tumboni kwake, kama huyu alivyo tumboni kwangu. Ulipokuwa mchanga sana akakuleta hapa, nikawa mama yako, na huyu akawa baba yako. Na bado ndivyo ilivyo. Mtoto akija, wewe unabaki hapa, kitanda chako ni kile, shule yako ni ile."

Baba yake akaacha kupiga randa.

Kidoti akaendelea kuchambua vifungo. Nikadhani hakusikia. Halafu akauliza, "Nani atanichukua shule?"

"Mimi. Nikiwa hospitali, baba."

"Alinitupa?"

"Nani?"

"Mama mkubwa."

Hapo, dada, nilikuwa na nafasi. Nakuambia ukweli, ilipita mbele yangu, ningeweza kuitumia, na nisingehitaji hata kusema uongo, ningenyamaza tu. Nikasema, "Hapana. Alikuleta amekushika mikono miwili, na alipoondoka alirudi kutoka njia panda akakuangalia tena. Mimi nilimwona."

Akasema, "Kwa hiyo wewe ni mama mdogo?"

Shemeji yako akaingilia, "Huyu ni mama yako. Na mimi ni baba yako, na hicho kifungo si chekundu, kitoe huko." Kidoti akacheka kidogo. Hakuuliza tena.

Wiki mbili sasa hajasema neno juu ya hilo. Hakojoi tena kitandani, lakini pia hachezi sana. Ananitazama. Nikigeuka nakuta macho yake. Sijui kama nimemponya au nimemwumiza, na daktari wako akisema anajua, mwambie aje akae hapa atazamwe yeye.

Njoo mwezi wa tisa. Nitahitaji mtu wa kukaa naye nikiwa hospitali. Nakuita mimi.

Mdogo wako

---

20 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilifika salama, basi liliharibika mara moja tu. Kijana mchanga anaendeleaje? Kitovu kimekauka? Kulia kwake kule kwa hasira amekuchukua wewe, hakuna haja ya kupima damu. Msalimie shemeji, mwambie chai yake nimeikumbuka, ingawa huwa anaichemsha kama anapika gundi.

Kuna jambo lilitokea ukiwa bado hospitali, sikukwambia ulipotoka. Ulikuwa umechoka.

Siku ile ya pili, nilimchukua shuleni, tukakaa karakana, mimi namenya viazi. Hakuwa ananiita kwa jina lolote tangu nifike. Si mama mkubwa, si kitu. Akitaka jambo alikuja akasimama mbele yangu mpaka nimwangalie. Akasimama hivyo, akaniuliza, "Wewe ulinizaa halafu ukaenda wapi?"

Nikasema, "Nilienda shule. Shule ya uuguzi."

"Shule imeisha?"

"Imeisha."

"Imeisha lini?"

"Zamani kidogo."

"Mbona hukuja?"

Mdogo wangu, nimesikiliza masomo mwaka mzima. Najua majina ya kila kitu kinachoweza kumtokea mtoto. Nilitafuta humo kichwani, hapakuwa na hata neno moja la kumpa. Nikamwambia, "Nilikuta umeshakuwa na mama. Nikaona wivu, na nikaogopa, na nikanunua magauni."

Akafikiri. Akasema, "Yalikuwa makubwa."

"Najua."

"Yote."

"Najua, mama. Safari nyingine nitakupima kwanza."

Akanyoosha mikono pale pale, kama mtu kwa fundi cherehani, asimame apimwe. Sikuwa na futi. Nilimpima kwa kamba ya kufungia makochi, nikakata, nikaiweka mfukoni. Kisha akaenda kucheza, akaniacha na viazi. Nilipoondoka, wewe uliona, hakutoka kuniaga. Ulimwita mara tatu. Usimgombeze kwa hilo. Mimi pia niliwahi kuondoka.

Kitanda kipo pale pale. Sikitoi, wala sikiiti tena cha wageni. Akitaka kuja likizo, na wewe ukitaka, kipo.

Daktari ananiambia niendelee na ngazi ya pili ya kozi. Nimemwambia nitafikiri.

Dada yako

---

25 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mtoto hajambo, ana mashavu mpaka macho yamepotea, baba yake anamwita Sponji na jina limeshashika, hatuna la kufanya. Mimi nimeanza kazi kidogo kidogo, nashona mito huku nanyonyesha, na mito inatoka yote imepinda upande mmoja. Gauni lilifika. Limemkaa. Alilivaa shuleni siku mbili mfululizo mpaka mwalimu akaniuliza kama kuna sherehe.

Nakuandikia kwa ajili ya jambo la juzi.

Tangu nimwambie, nilikuwa nangoja. Ulipokuwa hapa ulisema ataleta lake siku moja, nami nikawa nalala nalo, naamka nalo. Miaka sita yote, dada, kabla ya barua zako na kabla ya daktari wako, kulikuwa na sentensi moja niliyokuwa naiogopa kuliko kifo. Nilishaitungia mpaka mahali: atakuwa mkubwa, atasimama mlangoni na begi, mimi nitaanguka.

Juzi jioni nilimwita aje kuoga. Hakutaka, alikuwa anachora. Nikaita tena. Sponji analia, nguo za mtoto zimejaa mikononi, nikaenda nikamnyang'anya ile penseli. Akaruka juu, akapiga mguu chini, akapiga kelele majirani wote wakasikia:

"Wewe siyo mama yangu!"

Hata Sponji aliacha kulia. Shemeji yako alisimama na nyundo mkononi hajui aishushe wapi. Kidoti mwenyewe aliziba mdomo kwa mikono miwili, ananitazama, anangoja kuona nitafanya nini.

Na mimi nilingoja kuanguka. Sikuanguka. Niliona mtoto mchafu mwenye penseli imemchora shavuni, na mlango wa bafu uko wazi, na mvuke unatoka.

Nikamwambia, "Nimesikia. Ingia kwenye beseni, maji yanapoa."

Akaingia.

Mdogo wako